Usingizi umekataa? Venye utatumia dawa mpya za oreksini

Kama uko Kisumu ama Nakuru na unakaa macho mpaka boda za kwanza zianze kunguruma, soma hii kabla uende kemisti kuitisha tu "kitu ya kulala".

Ubongo uko na kemikali inaitwa oreksini, iligunduliwa 1998, kazi yake ni kukuweka macho. Dawa za zamani kama diazepamu zinapunguza kasi ya ubongo karibu wote, lakini hizi mpya zinazuia oreksini peke yake, ni kama kuzima ile swichi ya kuwa macho. Ziko suvoreksanti (Marekani waliikubali 2014), lemboreksanti (2019) na daridoreksanti (2022).

Anza na daktari, na umwambie kila dawa unameza, hapa usifiche kitu tafadhali, juu rifampisini ya TB inafanya hii dawa ya usingizi ikose nguvu nayo klarithromaisini (antibiotiki) inaipandisha sana kwa damu. Kama uko na nakolepsi (ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla mchana) usiguse kabisa.

Suvoreksanti kawaida ni mg 10, unameza ukibakisha kama nusu saa uingie kitandani, na uwe na masaa 7 ya kulala mbele yako, so kama ni saa tisa usiku na matatu ya kazi ni saa kumi na moja, wachana nayo hiyo siku. Ukimeza na tumbo imejaa ugali itachelewa kushika. Pombe hapana. Asubuhi ukijiskia mzito usiendeshe pikipiki, na ukianza kuwa na mawazo ya kujiumiza rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.