Mmea umelegea na udongo umelowa? Weka kopo chini kwanza

Mmea ukilegea, wengi wetu tunakimbilia kopo la maji, na hapo ndipo tunapoumaliza. Uliokosa maji na uliozidishiwa hulegea vilevile, maana mzizi uliooza haunywi hata ukikaa majini. Kwa hiyo chomeka kidole kwenye udongo, kiasi cha sm 5.

Ukikuta udongo mkavu ulioachana na kuta za chungu, usimwagie juu. Maji yatapita pembeni na kutokea chini, nawe utadhani umenywesha. Kiweke chungu kwenye beseni la maji kwa dakika 30, kitoe, kichuruzike. Basi.

Ukikuta umelowa, kazi unayo.

Hatua ya 1. Laza chungu ubavu, kigongegonge, mmea utoke wenyewe. Nusa. Mizizi mizima huwa imekaza, mara nyingi myeupe. Iliyooza ni nyeusi au kahawia, inanuka, inateleza, na ukiivuta ngozi yake inavuka kama soksi, unabaki na uzi mkononi.

Hatua ya 2. Futa mkasi kwa spiriti, kata mpaka ufike penye uzima. Usione huruma. Mimi niliwahi kubakiza mizizi ya nusu kwa nusu, wiki mbili baadaye nikawa nafukua tena. Majani ya njano toa pia, hayarudi kijani.

Hatua ya 3. Tumia udongo mpya uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kuchanganyia udongo. Chungu kiwe na matundu, na kisiizidi mizizi kwa zaidi ya sm 2 au 3 kila upande, kwani udongo usio na mizizi ya kuunyonya hubaki umelowa muda mrefu. Na zile kokoto za kutandika chini, achana nazo: maji hutuama kwenye udongo ulio juu yake, karibu zaidi na mizizi.

Hatua ya 4. Mwagilia mara moja, mwaga maji ya kisahani, weka penye mwanga lakini si kwenye jua kali. Mbolea ngoja hadi jani jipya.

MASWALI

*Mwalimu, mizizi yangu yote imeoza lakini shina bado gumu. Nitupe?*
Usitupe. Kama ni mmea wa kutambaa, kata kipande chenye kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina), kifundo kizame majini, majani yabaki nje. Badilisha maji kila yanapochafuka.

*Nimwagilie kila baada ya siku ngapi?*
Siku sikupi, ndizo zilizotufikisha hapa. Nyanyua chungu ukishamwagilia, kisha kinyanyue kila siku. Mkono wako utajua kimekuwa chepesi.

*Wangu mizizi safi, ila majani yana vidoadoa na utando kama wa buibui kwa chini.*
Huo ni utitiri. Utenge na mingine, osha chini ya kila jani kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia kila wiki hadi waishe. Ukiosha mara moja, mayai yataanguliwa na utarudi hapa kuuliza tena.

*Wiki ya tatu sasa, haujachipua chochote. Umekufa?*
Kama una shina la mti, likwaruze kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, uko hai. Ukiona kahawia kavu, kwaruza chini zaidi, karibu na udongo, kabla hujautupa.