Meza ya Mita 3.5 ya Mbao na Jiwe, Ndani ya Karakana ya Mita 4 kwa 5

Mteja akitaka meza ya kulia watu 12, mpe kila mlaji sentimita 65 hadi 70: watano kila upande, mmoja kila kichwa. Inakuja meza ya urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 1.2. Karakana nyingi za Keko au Buguruni, Dar es Salaam, hazina hata pa kuizungukia meza hiyo, na mlangoni haitoki. Bado inajengeka humo, kwa sharti moja: isiwe meza mpaka ifike kwa mteja. Karakanani ziwe paneli mbili za mbao, vipande viwili vya jiwe, fremu ya chuma na miguu miwili, kila kimoja cha kubebwa na watu wawili. Vikishaungana vinafika karibu kilo 250, na meza ya uzito huo haisogezwi kama kiti.

Jiwe likae katikati, ukanda wa sentimita 40 unaokwenda urefu wote, na paneli ya mbao ya sentimita 40 kila upande. Huo si urembo tu. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, hewa ikikauka nayo inasinyaa, jiwe halitembei. Mtiki uliopasuliwa kawaida hupoteza karibu asilimia 0.2 ya upana wake kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka. Ubao uliokaa kwenye hewa ya wazi ya Dar hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Ukiingizwa kwenye sebule ya Masaki ambako kiyoyozi hakizimwi, unashuka hadi asilimia 10 hivi. Kwa tofauti ya asilimia 5, meza ya mbao tupu ya mita 1.2 inapungua milimita 12. Paneli ya sentimita 40 inapungua milimita 4, na kiasi hicho kinafichika. Kwa urefu, mbao karibu haibadiliki.

Wateja wengi huja na picha ya jiwe lililozungushiwa fremu ya mbao pande zote nne, kona zimekatwa nyuzi 45. Usikubali kirahisi. Mbao za pembeni zikisinyaa kona zinafunguka kwa ndani, zikivimba zinafunguka kwa nje, na kama jiwe limebanwa bila nafasi, kinachoachia ni gundi au jiwe lenyewe.

Mbao

Mninga ndio chaguo la kwanza: unatembea kidogo kuliko mtiki, una kilo 640 hivi kwa mita ya ujazo, na randa haiuogopi. Mkongo ni mzito zaidi, karibu kilo 800, na unachosha visu. Mtiki unafaa, lakini una mafuta. Futa kingo zake kwa kitambaa chenye thina na uweke gundi ndani ya robo saa, la sivyo kiungo kitaachia baadaye.

Nunua mbao 6 za inchi 2 kwa 6, futi 12, tatu kwa kila paneli, na uongeze mbili za akiba. Futi 12 ni mita 3.66, hivyo una sentimita 8 tu za kukata kila kichwa, na vichwa ndiko kwenye nyufa. Chagua ukiwa umeinama, jicho moja likiangalia urefu wa ubao: uliopinda kama upinde unanyooka kwa randa, uliojisokota kama kamba uache palepale. Dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa zikiwa kwako.

“Kavu hizi, bosi” si kipimo. Kama huna kipima unyevu cha pini, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande cha sentimita 2.5 kutoka nusu mita ndani ya ubao (kichwani hukauka mapema na kitakudanganya), kipime, kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 mpaka uzito ukome kushuka. Kikianza na gramu 84 na kuishia 74, maji yalikuwa gramu 10. Gawanya kwa 74, unapata asilimia 13.5. Kwa nyumba ya Kigamboni inayofungua madirisha kwa upepo wa bahari, hiyo inatosha. Kwa nyumba ya kiyoyozi, panga mbao kwenye chumba chenye kiyoyozi, zikitenganishwa na vijiti vya inchi 1 kila sentimita 50, vijiti vyote kwenye mstari mmoja wa wima, vichwa vimepakwa rangi nzito. Pima kila wiki, uanze kazi pale namba inapogoma kushuka. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mteja si rangi bali kiyoyozi.

Jiwe

Neno “marumaru” mtaani ni vigae vya sakafuni, kwa hiyo mwonyeshe mteja kipande halisi kabla ya kukubaliana bei. Marumaru yenyewe inaliwa na asidi: kachumbari ikidondoka, ndimu inaacha doa la ukungu ambalo kitambaa hakilitoi. Meza ya kulia iwe graniti. Ukitilia shaka, dondoshea ndimu kwenye kipande cha taka usiku mmoja. Mng'aro ukifa, si graniti.

Bamba la graniti mara nyingi halifiki mita 3.5, hivyo chukua vipande viwili vya mita 1.75 kwa milimita 394, unene wa milimita 20, vikatwe vikifuatana kwenye bamba moja ili mchirizi uendelee. Kila kimoja kina kilo 38 hivi. Lowesha uso kwa maji kabla ya kulipa: penye ufa maji yanachelewa kukauka na mstari mweusi unabaki. Mkata mawe mpelekee kiolezo cha hadibodi. Ukimpa namba za mdomo, ukirudi unakuta vipande vimepishana milimita tatu na kila mtu ana tepu yake. Akate kwa diski ya almasi na maji. Vumbi kavu la graniti linaharibu mapafu.

Jiwe lifike kabla ya kupiga randa ya mwisho. Milimita 20 za dukani zinaweza kuwa 19 au 21, na ni rahisi kuishusha mbao ilifuate jiwe kuliko kinyume chake.

Fremu ya chuma

Nunua mabomba mawili ya milimita 80 kwa 40, unene milimita 3, ya mita 6, na moja la 40 kwa 40. Kila bomba kubwa linatoa mhimili wa mita 3.0, na mita 3 zinazobaki ni za mguu mmoja. Simamisha mihimili kwa upande wa 80, ukiilaza itapinda. Bomba la 50 kwa 50 ambalo wachomeleaji hulipenda hushuka zaidi ya mara mbili ya 80 kwa 40 iliyosimama, na graniti ya milimita 20 haipindi, inakatika.

Weka mihimili sentimita 30 katikati kwa katikati. Bomba dogo likate vipande 7 vya sentimita 83, uvichomelee juu ya mihimili kama ngazi. Idadi iwe witiri kwa sababu: kipande cha nne kinaangukia katikati kabisa, na hapo ndipo vipande vya jiwe vinapokutana. Ukiweka sita, kiungo kinaning'inia hewani na siku mtu atakapoegemea ndipo kitakapofunguka.

Shika kwanza kwa nukta, pima kona kwa kona, halafu maliza kwa kuruka kutoka upande hadi upande mwingine. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, joto linaivuta fremu ikawa kama ndizi. Miguu ifungwe kwa bamba la milimita 6 na boliti nne za M10, unyayo uwe na upana wa sentimita 80 na skrubu za kusawazisha. Urefu wa mguu na vyote vyake ni sentimita 59: ongeza mhimili 8, ngazi 4 na mbao 4, unapata 75. Ziba midomo ya mabomba, piga brashi ya waya, kisha rangi ya kuzuia kutu na mikono miwili ya rangi ya juu. Chumvi ya Dar haisamehe bomba lililo wazi.

Grinda isifanye kazi karibu na mbao. Chembe za chuma zikikutana na unyevu kwenye mkongo au mtiki zinaacha madoa meusi ambayo utayaona baada ya vanishi, si kabla.

Kuunga paneli

Ubao wa mita 3.6 unahitaji zaidi ya mita 7 kupita kwenye mashine. Geuza mashine itazame mlango, ubao utokee barabarani na kijana wa kuupokea, au peleka kwenye randa kubwa za Buguruni ulipie kwa futi. Randa kila ubao peke yake hadi milimita 42, kwa kuwa paneli ya sentimita 40 haitapita kwenye mashine ya inchi 12.

Panga bila gundi kwanza. Simama mbali, geuzageuza mbao mpaka rangi zikubaliane, kisha chora pembetatu kubwa ya chaki kukatisha zote tatu. Ikivurugika tu unajua ubao upi umegeuka. Kiungo kizuri kinafungwa kwa nguvu ya mkono. Kama unahitaji klampu kuziba mwanya, rudi kwenye randa.

Gundi iwe ile isiyoogopa maji. Kwenye joto la nyuzi 32 inaanza kushika ndani ya dakika tano au zaidi kidogo, kwa hiyo fanya alfajiri, na uunge kiungo kimoja kwa siku badala ya viwili kwa mpigo. Weka klampu kila sentimita 35, moja juu moja chini, unahitaji 10. Zikipungua, tengeneza kwa engo mbili (vyuma vya pembe) zilizochomelewa kisigino na ubane kwa kabari. Vitone vya gundi vikitokea mstari mzima, simama hapo. Ukikaza mpaka gundi yote itoke, umebaki na mbao kavu mbili. Usifute kwa kitambaa kibichi, maana gundi iliyoyeyuka inaingia kwenye matundu na kuonekana kama doa. Ngoja igande kama jeli, ikwangue kwa patasi.

Siku inayofuata kiungo cha mwisho, sawazisha kwa randa ndefu ukikatisha nyuzi za mbao, umalizie kufuata nyuzi, hadi unene ulingane na jiwe pamoja na plaiwudi ya milimita 18 itakayokaa chini yake na nafasi ya milimita 2. Msasa namba 80, 120, 180. Punguza makali ya kingo kidogo, kona kali huvunjika.

Rangi

Paka mikono mitatu juu na mitatu chini, pamoja na vichwa vyote vinne. Sehemu ya chini ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayofanya paneli ijikunje: upande mmoja unapumua, mwingine umefungwa. Wakati wa masika laka ya kupuliza huweka ukungu mweupe, kwa sababu thina ikiruka kwa kasi inapoza uso na maji ya hewa yanatua juu yake. Ngoja jua la saa sita, au tumia thina inayochelewa kukauka. Mwagia sakafu maji saa moja kabla ili vumbi lilale.

Kutoa na kufunga

Kirikuu haitoshi, kwani bodi yake haifiki mita 3.5; kodi kenta. Jiwe lisafiri limesimama kwa ubavu, limeegemea fremu yenye blanketi. Jiwe lililolazwa hukatika kwenye tuta la kwanza. Kabla ya yote hayo, nenda kapime ngazi na kona za nyumba ya mteja. Fremu ya mita 3.0 kwa 0.83 bila miguu ndiyo kipande kigumu kuliko vyote kugeuza, na lifti za ghorofa nyingi hazitaipokea.

Funga miguu, sawazisha kwa pima maji kwa urefu na kwa mshazari, kisha funga plaiwudi juu ya ngazi, katikati, jiwe litakapokaa. Weka matone ya silikoni isiyo na asidi kila sentimita 25. Ile inayonuka siki huharibu baadhi ya mawe. Shusha mawe, yakutane juu ya kipande cha nne, yasigusane: acha milimita 1.5.

Kisha paneli. Tenganisha na jiwe kwa misalaba ya vigae ya milimita 3. Kila kipande cha ngazi kina matundu mawili kwa kila paneli: la ndani la duara la milimita 9, sentimita 5 kutoka ukingo wa jiwe, na la nje refu, milimita 9 kwa 14, sentimita 18 kutoka ukingo huo huo. Hayo yatobolewe kabla ya kupaka rangi, na chini ya bomba utoboe tundu pana la kupitishia soketi. Tumia skrubu nene za milimita 8 kwa 30, 28 kwa jumla, pamoja na washa. Za ndani kaza sana. Za nje kaza hadi washa iguse, halafu rudisha robo mzunguko. Hivyo mbao inatembea kuelekea nje, na mwanya wa jiwe unabaki karibu ulivyo.

Mwanya huo mteja atauliza uzibwe, kwa kuwa ubwabwa unaingia. Ziba kwa silikoni ileile ya rangi ya jiwe, usizibe kwa epoksi. Ondoa misalaba kwanza.