Kushindilia rivolva kwa mbele: ninavyofanya mimi

Jamaa zangu wa Tanga wakisikia nina rivolva hapa Surrey, England, huniuliza, si zilipigwa marufuku? Zilipigwa, karibu zote. Baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria mbili za 1997 ziliwanyang'anya raia wa England, Scotland na Wales bastola za kawaida. Zile za kushindilia kwa mbele zikaachwa. Ni kama gobori la kuwindia nguruwe, ila hii ina silinda ya vyumba sita, na kila chumba unakishindilia peke yake.

Anza na klabu, usianze na duka. Klabu iliyoidhinishwa na serikali itakuweka kwenye majaribio miezi mitatu au zaidi, ndipo uwaombe polisi cheti cha silaha. Baruti nyeusi nayo inataka cheti chake cha vilipuzi. Wanaokwepa usumbufu huo hununua rivolva zilizoundwa makusudi kwa baruti isiyo na moshi, zinazowashwa kwa fataki (vile vikopo vidogo vya kuwashia baruti) namba 209 za bunduki ya marisau. Ni safi, na ni ghali. Baruti hiyo isiingie kamwe kwenye rivolva ya baruti nyeusi, hata kidogo, maana itakupasukia mkononi.

Yangu ni Ruger Old Army ya chuma kisichoshika kutu, aina iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1972 hadi 2008. Kilengeo chake cha nyuma kinarekebishika, na ndiyo sababu napigia mashindano ya klabu tu. MLAIC, kamati ya kimataifa ya mchezo huu, inataka nakala halisi za silaha za kale, kama Remington ya 1858 wanayoitengeneza Pietta na Uberti. Ukitamani medali, nunua Remington. Mimi natamani Jumamosi yenye utulivu.

Sasa kazi yenyewe. Baruti naipima mapema na kuitia kwenye vichupa vidogo, greni 20 (kama gramu 1.3) kila kimoja. Usimimine kamwe kutoka kwenye chupa kubwa moja kwa moja hadi kwenye silinda, kwani cheche iliyobaki ndani itakufuata mpaka mkononi. Kabla ya kushindilia, napachika fataki peke yake, chumba kikiwa hakina baruti, naelekeza mtutu kwenye unyasi chini, upande wa shabaha, na kufyatua. Unyasi ukitikisika, njia ya moto i wazi na mafuta ya kuzuia kutu yameungua. Usipotikisika, chumba hicho kina uchafu.

Kisha baruti, na juu yake semolina, unga wa ngano wa chengachenga, ile ile ya jikoni. Wageni hucheka hapo. Chumba kinaweza kumeza baruti maradufu, lakini nguvu nyingi hazikupi shabaha nzuri. Semolina inajaza nafasi ili risasi ikae karibu na mdomo wa chumba. Juu naweka risasi ya mviringo ya inchi 0.457. Ukiibana kwa wenzo wa kushindilia ulio chini ya mtutu lazima inyolewe kipete chembamba cha risasi pembeni. Usipokiona kipete, risasi ni ndogo, na moto wa chumba kimoja unaweza kupenya hadi cha jirani. Kwa hiyo napaka juu mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta, na fataki zangu lazima zikae kwa kubana. Bana kila chumba kwa nguvu ile ile. Nimeona watu wakibadilisha vilengeo mwaka mzima, kumbe tatizo ni mkono unaoshindilia leo hivi, kesho vile.

Fataki ni za mwisho kabisa, ukiwa kwenye mstari, mtutu ukitazama shabaha, baada ya msimamizi kuruhusu.

Tunapiga tukiwa tumesimama, kwa mkono mmoja, mita 25. Mashindano ya MLAIC yanakupa dakika 30 kwa risasi 13, na kumi bora ndizo zinazohesabiwa, kwa hiyo haraka ni ya nini? Kaza macho kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iache iwe ukungu. Mkono ukianza kutetemeka, ushushe, pumua, anza upya. Ikilia "tik" bila mlipuko, usiigeuze kuitazama! Iache ielekee shabaha, hesabu taratibu hadi sitini, kisha mwite msimamizi. Baruti huchelewa wakati mwingine.

Ukirudi nyumbani usikae kwanza. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na hata chuma hiki kinachojigamba huchubuka. Fungua silinda, toa chuchu (vile vijibomba vinavyopachikwa fataki), osha yote kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, paka mafuta. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula, kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Beseni liwe lako mwenyewe. La mke wangu nilishakatazwa.