Milioni kumi nimelipa, deni limeshuka milioni moja: namna ya kuumaliza mkopo wa nyumba mapema

Juni 2020 mimi na Baba Salma tulichukua mkopo wa nyumba Kibada, Kigamboni. Bei milioni 75. Tulitoa 15 zetu, benki ikamalizia 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15. Rejesho 839,752 kila mwezi. Mimi nipo kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Mwenzangu ni mwalimu. Mwaka mzima hatukuchelewa hata siku moja, nikajiona mwanamke wa shoka. Julai 2021 nikapita benki kuomba taarifa ya mkopo. Tulikuwa tumeshalipa zaidi ya milioni 10. Deni: milioni 58 na laki nane na ushee. Nikamwambia binti wa dirishani, "Mdogo wangu, hebu angalia tena." Akaangalia tena.

Hakuna aliyetuibia. Riba ya mkopo wetu inapigwa kwenye salio lililobaki. Mwezi wa kwanza asilimia 15 ya milioni 60, ukigawa kwa miezi 12, ni 750,000. Kwa hiyo katika ile 839,752, iliyogusa deni lenyewe, yaani deni la msingi, ni 89,752 tu. Miaka ya mwanzo unailisha riba, deni linapata makombo. Lakini hapo hapo ndipo penye upenyo: shilingi yoyote ya ziada haina riba ya kulisha, inakwenda yote kwenye deni. Kwa mkopo kama wangu, milioni moja ya ziada mwishoni mwa mwaka wa kwanza inafuta marejesho tisa ya mwisho. Tisa mara 839,752 ni zaidi ya milioni saba na nusu. Niliipiga hesabu hiyo mara tatu, ya mwisho nikiwa juu ya pantoni, nikakaribia kupitiliza.

Kabla hujapeleka hata senti, toa mkataba kabatini usome mambo mawili. Kwanza, riba yako inapigwaje. Kama inapigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza, si kwenye salio, ukilipa mapema unaweza usiokoe chochote, na bora ukaulize kwa maandishi. Pili, kifungu cha kulipa kabla ya muda: kuna tozo? Kuna kiwango cha chini cha malipo ya ziada? Tozo isikutishe bila hesabu. Hata wakikukata asilimia 2, kwenye milioni moja ni 20,000, na umeshaona milioni hiyo inafuta nini.

Na kama una mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, au ile ya kwenye simu unayokopa tarehe 20 ukailipa mshahara ukiingia, maliza hiyo kwanza. Riba yake kwa mwezi mmoja inaweza kuzidi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Sisi tulikuwa nao mmoja, sitasema ulikuwa wa nani kati yetu.

Halafu weka akiba ya marejesho matatu pembeni, isiguswe. Fedha ukishaiingiza kwenye deni huirudishi. Mshahara ukichelewa miezi miwili, benki haitakumbuka kwamba mwaka jana ulilipa zaidi. Kwetu ilikuwa kama milioni mbili na nusu, na ilituchukua miezi saba kuifikisha.

Sasa kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Agosti 2021 nilipokea mchezo wetu wa ofisini, watu kumi, laki moja moja. Nikaichukua milioni ile nzima nikaiingiza kwenye akaunti ya mkopo, nikapiga picha risiti, nikamtumia Baba Salma. Mwezi uliofuata nikaomba taarifa. Deni limeshuka kama kawaida yake, makombo yale yale. Milioni yangu ilikuwa imekaa kwenye akaunti kama malipo ya mbele, tarehe ya rejesho ilipofika mfumo ukachota humo 839,752, na mshahara wangu haukukatwa. Sikuwa nimelipa zaidi, nilikuwa nimelipa mapema kwa wiki tatu. Ofisa mikopo aliniambia kwa upole kabisa, "Hukuandika barua, dada."

Kwa hiyo andika barua, kila mara unapopeleka fedha ya mkupuo. Yangu ni fupi: "Naomba kiasi hiki kipunguze deni la msingi. Rejesho la mwezi libaki 839,752 na muda wa mkopo upungue. Naomba jedwali jipya la marejesho." Nakala mbili, moja igongwe muhuri ibaki kwako.

Ile sentensi ya katikati usiiache. Usiposema, benki inaweza kupunguza rejesho na kuacha muda vile vile, na watakuambia kama habari njema. Milioni ile ile ya mwisho wa mwaka wa kwanza, ukipunguziwa rejesho, inakushushia kama 14,270 kwa mwezi. Hiyo mwezi wa pili tu imeshakuwa nauli na vocha. Ukijumlisha hadi mwisho unaokoa kama milioni moja na laki nne zaidi ya ulichoweka. Ukipunguziwa muda, milioni sita na nusu. Kupunguza rejesho kuna maana pale tu kipato kimeyumba na unahitaji kupumua.

Baada ya kila malipo, subiri siku chache uombe taarifa. Angalia salio la msingi tu: limeshuka kwa kiasi ulichopeleka? Kama halijashuka, rudi siku hiyo hiyo na ile nakala yenye muhuri.

Tulipokwisha kujifunza hivyo tukaamua 150,000 ya ziada kila mwezi. Kwa mkopo wa milioni 60 kama wetu, ukianza na ziada hiyo mwezi wa kwanza, miaka 15 inakuwa miaka tisa na miezi saba, na riba inapungua kwa takriban milioni 38. Sisi tulichelewa. Hata ukihesabu tungeanza mwezi wa 13 tu, mwaka ule mmoja wa kujiona tunalipa vizuri unagharimu zaidi ya milioni tano. Ukitaka kujua yako, fungua Excel uandike =NPER(15%/12,-989752,60000000), ukibadilisha riba, rejesho pamoja na ziada, na salio lako la leo. Inakupa idadi ya miezi. Ukipata 114.1 kwa tarakimu hizo, umeandika sawasawa.

Ziada yetu ilitoka sehemu tatu, na hakuna ya ajabu. Tulipunguza kuvusha gari: mimi napanda pantoni kwa miguu, gari linatoka Jumamosi. Baba Salma akaongeza wanafunzi wa tuisheni. Na mimi miezi ya meli nyingi napata posho ya kazi za usiku. Nusu yake inakwenda kwenye deni, nusu tunakula, maana ukibana vyote nyumba inakuwa jela yenye vigae. Benki tumeiagiza kwa maandishi ikate ile 150,000 tarehe 26, siku moja baada ya mshahara, na iipeleke kwenye deni la msingi. Ikibaki mkononi hadi tarehe 5, imekwisha. Januari hatulipi ziada. Januari ni ada na sare, na atakayekwambia ajibane Januari hana mtoto wa shule.

Fedha ya mkupuo hatuikusanyi kwenye kibubu tena. Inakaa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza fedha za watu kwa pamoja, kwa sababu unaweza kuitoa ndani ya siku chache na inazaa kidogo ikisubiri. Ikifika milioni, inakwenda na barua. Shemeji yangu ananiona mshamba. Anasema ninunue hatifungani za serikali, yaani niikopeshe serikali, nazo zinaanzia milioni moja, nile riba kila miezi sita. Jibu langu kwake ni swali: inalipa ngapi? Kulipa deni la asilimia 15 ni sawa na kuwekeza kwa asilimia 15 bila kupoteza. Ikilipa zaidi ya hapo, nitamsikiliza. Ikilipa chini, nitakuwa nakopa kwa 15 ili nimkopeshe mwingine kwa bei poa. Mkopo wako ukiwa wa riba ndogo, huenda shemeji akawa sahihi kwako.

Riba ya mkataba inaweza kupanda au kushuka, kwa hiyo rudia hesabu kila mwaka. Bima ya mkopo nayo iulizie: kama inakokotolewa kwenye salio, deni likishuka ada ishuke.

Mwisho wa deni una makaratasi yake. Mwenzangu wa ofisini alimaliza mkopo wake akakaa miaka miwili akidhani hati yake ni safi, hadi alipotaka kuuza. Mnunuzi akafanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati ofisi ya ardhi, rehani ikaonekana bado imesimama. Ukibakiza rejesho moja, omba kwa maandishi kiasi kamili cha kumalizia kwa tarehe unayolipa, kwa sababu riba inahesabiwa kwa siku. Ukishalipa, chukua barua ya kumaliza deni, hati yako halisi, na nyaraka za kufuta rehani zilizosainiwa na benki. Hizo zipeleke kwa Msajili wa Hati zisajiliwe, au hakikisha benki imezipeleka. Simamisha lile agizo la tarehe 26. Kisha lipia upekuzi mwenyewe, uone kwa macho yako kwamba jina la benki limeondoka.