Lami ikija, faida imfikie na mwenye mkorosho: hatua za kuvuna ongezeko la thamani ya ardhi Mtwara na Lindi

Rafiki yangu, afisa mipango miji katika halmashauri moja ya huku Kusini, aliniomba nimsaidie kuandaa andiko la mradi wa viwanja. Ramani alikuwa nayo, ramani nzuri tu. Kilichomshinda ni swali moja: fedha ya kuwalipa wenye mashamba itoke wapi? Nimeandika hapa yale niliyomweleza, pamoja na mengine yaliyojitokeza kazi ilipoanza.

Wazo lenyewe si geni. Serikali ikiweka lami, maji au umeme, shamba la jirani hupanda bei bila mwenyewe kuinua jembe. Sehemu ya nyongeza hiyo ikirudi kwenye mfuko wa umma, inaweza kufungua mtaa unaofuata. Colombia ina sheria ya mchango wa namna hii tangu 1921. São Paulo, kule Brazil, huuza kwa mnada kwenye soko la hisa vyeti vinavyompa mjenzi ruhusa ya kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida, walianza 2004. Soma habari zao kwa kujifunza, usiziige. Chikongola, hapa Mtwara mjini, hakuna anayegombania ghorofa ya ishirini. Sisi tuna mashamba ya mikorosho yanayofikiwa na mji.

Hatua ya 1: Jua una chombo gani mkononi

Wengi hukimbilia kodi ya majengo. Kodi hiyo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa Sh 18,000 kwa mwaka, iwe inatazama bahari Shangani au iko pembezoni Naliendele. Kiwango ni kilekile, kwa hiyo ardhi ikipanda mara kumi kodi haishtuki. Kodi ya pango la ardhi nayo huenda Serikali Kuu. Halmashauri inabaki na mauzo ya viwanja ilivyopima yenyewe, ada za vibali vya ujenzi na za kubadili matumizi ya ardhi, na pango la maeneo yake kama masoko na vibanda vya stendi.

Mimi nashauri viwanja. Dodoma walionyesha njia: CDA, mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa makao makuu, ilipovunjwa 2017, Jiji lilipima na kuuza viwanja vingi, na katika mwaka wa fedha 2018/19 likaongoza halmashauri zote kwa mapato ya ndani. Lakini bei za Dodoma usizilete Lindi. Kule Serikali nzima ilikuwa inahamia. Huku tuliwahi kuonja bei za matumaini: gesi ilipovuma, watu walinunua mashamba kwa fujo, kisha bei ya mafuta duniani ikaanguka 2014 na mipango mingi ikasogezwa mbele. Mapori yenye bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, bado yapo. Bajeti yako isimame bila kutegemea mtambo wa gesi unaopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Ukijengwa, hiyo ni nyongeza.

Hatua ya 2: Chagua eneo

Tumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani. Ni ya bure, na kijana yeyote wa idara ya ardhi ataimudu. Sioni sababu ya halmashauri kulipia leseni ya programu huku haina mafuta ya gari la kwenda saiti. Ondoa mita 60 kutoka ufukweni, ondoa hifadhi ya barabara (mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mkoa), ondoa mikoko na mabonde ya maji. Kama eneo ni ardhi ya kijiji na si mtaa, simama kwanza ufuate uhawilishaji, yaani utaratibu wa kisheria wa kuitoa kwenye ardhi ya kijiji.

Hatua ya 3: Orodha ya watu, kabla barabara haijatangazwa

Hapa ndipo siku zako nyingi za kazi huishia, na hapa ndipo haki hupatikana au hupotea. Thamani unayotaka kuivuna ni tofauti ya bei ya kabla na ya baada. Usipoiandika ile ya kabla, kila mtu atakuja na yake. Na usipomjua mwenye shamba wa kabla, utakuja kugawana na dalali.

Panga tarehe moja ya msingi. Kabla ya tarehe hiyo kusiwe na mkutano wowote wa hadhara unaotaja lami, wala diwani asiahidi kitu msibani. Baada yake, picha ya kila shamba ipigwe ikiwa na majira ya GPS. Sababu ni miche. Habari ikivuja, usiku mmoja unatosha shamba tupu kuota miche ya mikorosho iliyochomekwa kwa ajili ya fidia.

Kisha ingia shamba kwa shamba. Orodha ya mwenyekiti wa mtaa ni mwanzo tu. Kwetu huku mwenye ardhi na mwenye mkorosho wanaweza kuwa watu wawili. Shamba ni la ukoo, mara nyingi upande wa mama. Mikorosho ilipandwa na mjomba aliyefariki. Anayeokota korosho sasa ni mtu wa tatu kabisa, aliyewekewa mikorosho rehani baada ya mwenyewe kukopa hela ya matibabu au ya harusi. Rehani hizi ni za mdomo, au za karatasi ya daftari iliyotiwa dole gumba. Ukienda Juni au Julai utamkuta mtu anapuliza salfa kwa bidii, umwandike kuwa ndiye mwenye shamba, kumbe ni mwenye rehani ya misimu miwili. Daftari la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, nalo haliamui: linaonyesha nani alipeleka mzigo ghalani, halionyeshi ardhi ni ya nani.

Kwa hiyo fomu yako iwe na mistari mitatu tofauti: mwenye ardhi, mwenye miti, anayevuna msimu huu. Wote watatu wasaini mbele ya majirani wa mipaka, siyo ofisini. Mwenza wa ndoa asaini pia, hata kama mzee anasema haina haja. Hasa kama mzee anasema haina haja. Walioko Dar es Salaam wapigiwe simu na jina la aliyezungumza liandikwe. Mjane asiulizwe mipaka mbele ya shemeji zake peke yao. Mwombe mama mmoja wa mtaa afuatane naye.

Rehani usiizime kwa amri. Nimeona halmashauri moja ikitangaza kuwa haizitambui. Wenye rehani wakaungana na madalali na mradi ukagota. Njia iliyofanya kazi ni kuwakalisha pande mbili mbele ya serikali ya mtaa, deni litajwe kwa shilingi, na lilipwe kutokana na sehemu ya mwenye shamba kiwanja cha kwanza kikiuzwa. Mwenye rehani anadai fedha. Hadai ardhi.

Kuhusu msimu, Agosti na Septemba ndiyo nzuri. Watu wako mashambani wakisafisha chini ya miti na hawajaanza kuokota. Oktoba mpaka Desemba masikio yote yako kwenye minada, hata ukigawa soda mkutano hautajaa. Orodha ya mwisho ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa walau mwezi mzima, kwa herufi kubwa. Pingamizi zitakuja. Mradi usio na pingamizi hata moja mimi huutilia shaka, maana yake ni kwamba orodha haijasomwa.

Data za uwandani nakusanya kwa Kobo, programu ya kujazia fomu kwenye simu, lakini karatasi yenye saini haiachwi. Simu hupotea. Na kwenye Baraza la Ardhi watataka karatasi.

Hatua ya 4: Kulipa fidia au kugawana?

Fidia kamili ina thamani ya ardhi na mazao, posho ya usumbufu, usafiri, kodi ya makazi ya miezi 36, na faida iliyopotea. Inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, vinginevyo riba inaanza. Halmashauri isiyo na fedha taslimu isianze njia hii. Kuwawekea watu alama za X na kuwaacha miaka mingi bila kulima wala kujenga ni kuwanyonya, hata kama mihtasari yote iko sawa.

Kugawana ni rahisi zaidi: mwenye shamba anatoa ardhi, halmashauri inapanga, inapima na kufungua barabara, kisha viwanja vinagawanywa. Tuseme ekari 100, yaani kama mita za mraba 404,700. Asilimia 35 ikienda kwenye barabara, shule na maeneo ya wazi, unabaki na viwanja kama 438 vya mita za mraba 600. Wenye mashamba wakipata asilimia 55, ni viwanja 241. Halmashauri inabaki na 197, na kwa bei ya mfano ya Sh 5,000 kwa mita ya mraba ni Sh milioni 591, ambazo ndizo zitakazolipa upimaji, greda na bomba la maji.

Fanya hesabu hiyo pia kwa mtu mmoja, maana mkutanoni hakuna atakayekuuliza habari ya ekari 100. Mwenye ekari moja anapata mita za mraba 1,447 hivi: viwanja viwili na kipande cha mita 247. Kipande hicho alipwe fedha au akiunganishe na cha nduguye. Mwenye robo ekari anaambulia mita 360 tu, kwa hiyo mchoro uwe na viwanja vidogo tangu mwanzo, karibu na pale alipokuwa anaishi. Usimpeleke bondeni.

Mikorosho isiyo njiani iachwe mpaka mtu ajenge. Inazaa kila mwaka, na kiwanja chenye kivuli kinauzika.

Hatua ya 5: Kuuza

Viwanja vya kona na vya biashara, zabuni. Vya makazi, bei moja, kiwanja kimoja kwa mtu, malipo kwa awamu. Wavuvi na mama lishe hupata fedha kidogo kidogo, na mkulima wa korosho hupata mara moja kwa mwaka, kwa hiyo awamu moja iangukie baada ya minada. Malipo yote kwa namba ya kumbukumbu, hakuna fedha mkononi. Usiuze vyote kwa mkupuo: theluthi moja ishikwe mpaka barabara ionekane kwa macho, kwa sababu bei halisi huja pale greda linapopita.

Hatua ya 6: Funga fedha

Azimio la Baraza la Madiwani liseme mapato haya ni mapato lindwa ya mradi, yaani hayatumiki kwa kazi nyingine, liitaje akaunti, litaje na kazi zitakazofanywa kwa majina ya barabara. Lipite kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye kapu kuu italipa posho za vikao. Barabara za mji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo makubaliano nao yaandikwe mapema, vinginevyo utakuwa na fedha lakini huna mamlaka ya kumwaga hata kifusi. Mamlaka ya maji vivyo hivyo. Taarifa ya akaunti ibandikwe palepale ilipobandikwa ile orodha ya majina, na mtendaji wa mtaa aisome kwenye mkutano: kilichoingia, kilichotoka, barabara iliyofikiwa na iliyobaki.