Universal Credit Ikikatwa Uingereza: Namna ya Kupinga

Universal Credit ni msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza kwa watu wenye kipato kidogo au wasio na kazi. Kwanza fungua taarifa ya malipo ya mwezi kwenye akaunti yako ya Universal Credit mtandaoni, usome sehemu ya makato. Kama ni deni linalorejeshwa, piga simu uombe kiwango kipunguzwe. Tangu Aprili 2025 makato mengi hayapaswi kuzidi asilimia 15 ya posho ya msingi.

Kama kosa liko kwenye uamuzi wenyewe, una mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya. Mwezi huo huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, si siku uliyousoma. Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia, na inasikitisha. Andika kwenye shajara ya akaunti (“journal”, sehemu ya kutuma ujumbe): “Naomba uamuzi wa tarehe 3 Machi uangaliwe upya. Pango langu ni pauni 850, mmehesabu 580.” Ambatanisha mkataba wa pango. Usiandike “nalalamika” tu, maana malalamiko hupita njia nyingine na siku zako zinazidi kuyoyoma.

Umechelewa? Omba hata hivyo, ueleze sababu; kwa sababu nzito hupokelewa hadi miezi 13.

Wakikataa, una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa (“tribunal”). Hulipi chochote. Chagua kusikilizwa ana kwa ana, na uombe mkalimani wa Kiswahili kwenye fomu yenyewe ya rufaa.