Kava ya bodi ya pikapu: kufunga, kubana na kupima kama kweli inapunguza mafuta (Arusha–Moshi na kuendelea)

Wadau wenye Hilux, D-Max, Ranger, L200 na ndugu zao, swali la kama kava ya bodi (kifuniko cha sehemu ya mizigo ya pikapu) inapunguza ulaji wa mafuta naulizwa sana hapa Arusha, na juzi nimemaliza kumfungia mdogo wangu anayesambaza dawa za mifugo mpaka Same, kwa hiyo naandika yote wakati bado yako kichwani. Jibu fupi: inapunguza, ila ni kidogo, na inapunguza ukiwa barabara kubwa gari ikiwa inatembea na kava imekaa bapa, imebana. Mtu akikuambia ukifunga utaokoa robo tenki, huyo anataka hela yako tu.

Kwanza elewa unapambana na nini. Upepo unaoizuia gari unapanda kwa mraba wa spidi, maana yake ukitoka 80 kwenda 100 nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu (asilimia 56), wakati ukiwa kwenye foleni ya Mianzini upepo karibu haupo kabisa na mafuta yanaliwa na breki, kusimama na kuondoka. Kwenye pikapu isiyo na kava upepo unatoka juu ya kabini, unashuka kwenye bodi na kujizungusha humo ndani kama maji nyuma ya jiwe mtoni, mwingine unaenda kugonga mlango wa nyuma. Kava inaziba lile shimo, upepo unapata pa kupita juu.

Na hapo hapo tumalize ile habari ya kushusha mlango wa nyuma "upepo upite". Uache umefungwa. Ule mzunguko wa hewa ndani ya bodi ndo unasaidia upepo mwingi upite juu bila kuugonga mlango, ukiushusha unauharibu na kwa kawaida hupati kitu, mara nyingine unaongeza ulaji, achilia mbali mzigo kudondoka barabarani.

Hatua ya 1: Angalia kama njia yako na mzigo wako vinastahili

Ukibeba ndizi, magunia yaliyopita ukingo wa bodi, au ng'ombe, kava haikuhusu. Ukizunguka mjini tu, haikuhusu pia kwa upande wa mafuta (kwa mvua, vumbi na wezi inakuhusu sana). Inamfaa mtu anayetembea Arusha–Moshi–Same, au Makuyuni mpaka Babati, au Namanga, bodi ikiwa tupu au mzigo wa chini.

Hesabu ya haraka ili usitegemee makubwa: tuseme kava imepunguza upinzani wa upepo kwa asilimia 5, na kwenye spidi ya barabara kuu upepo unakula kama nusu ya kazi ya injini, basi mafuta yatapungua kama asilimia 2 na nusu. Gari inayokula lita 10 kwa kilomita 100, ikitembea kilomita 3,000 kwa mwezi, hiyo ni lita saba na nusu. Zidisha na bei ya EWURA (mamlaka inayotangaza bei za mafuta) ya mwezi huo, linganisha na bei ya kava, utajua inajilipa baada ya muda gani.

Hatua ya 2: Toa vinavyokula mafuta bure

Upepo wa tairi kama ilivyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Keria la juu ya kabini lisilo na mzigo, toa. Breki inayoshika, tengeneza. Haya ufanye KABLA ya kupima, sio baada, la sivyo kava itasifiwa kwa kazi ya tairi.

Hatua ya 3: Pima ulaji wa sasa hivi

Hii ndo inayokula muda na ndo watu wengi wanairuka, afu wanabaki kubishana "yangu imepungua sana", "yangu haijapungua hata kidogo", kumbe hakuna aliyepima.

Tatizo la kwanza ni mteremko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki hata 1,000. Ukitoka Arusha, Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti unashuka tu mpaka unapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, na ukirudi unapanda vyote ulivyoshuka. Gari ya tani 2 kupanda mita 500 inahitaji dizeli inayokaribia lita nzima ukihesabu kwamba injini inatumia kama theluthi tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Sasa lita moja kwenye safari ya kilomita 80 ni kubwa kuliko faida yote ya kava mara kadhaa! Kwa hiyo mtu aliyefunga kava Arusha, akashuka nayo Moshi akaona gari inakula kidogo, amepima mlima, hajapima kava. Pima kwenda na kurudi, unaanzia na kumalizia sheli ile ile.

Tatizo la pili ni urefu wa safari. Kujaza fultenki kuna makosa yake, nusu lita inaweza kupotea au kuongezeka bila wewe kujua. Ukienda Moshi na kurudi unatumia kama lita 15, nusu lita hapo ni zaidi ya asilimia 3, yaani kosa limeshakuwa kubwa kuliko kitu unachokitafuta. Nenda mbali. Arusha–Same na kurudi ni kama kilomita 370, hapo angalau umetumia nusu tenki na lile kosa linashuka kwenye asilimia moja na kitu. Sisi tulitumia safari za kazi za mdogo wangu, hakuna sababu ya kuchoma mafuta kwa ajili ya majaribio tu.

Tatizo la tatu ni pampu yenyewe. Sheli ile ile, pampu ile ile, gari imeangalia upande ule ule (sakafu za sheli nyingi zimeinama kidogo, tenki likiinama hewa inabaki juu). Dizeli inatoa povu, na povu likigusa mdomo wa pampu inajikata kabla tenki halijajaa, ndo maana ukisubiri kidogo unasikia inashuka na inakubali kuingia tena. Mwambie mhudumu ajaze polepole, ikijikata asubiri povu lishuke, aendelee mara moja tu mpaka ijikate ya pili, basi, hapo hapo. Asianze kubembeleza "tufikishe elfu". Atakuangalia vibaya, mwambie kwa upole unapima gari, wanaelewa. Na ukirudi fanya vile vile bila kubadilisha hata kimoja.

Mengine: mzigo uwe uzito ule ule au bodi tupu mara zote, AC ama imewashwa mara zote ama imezimwa mara zote, abiria idadi ile ile. Ondoka alfajiri, maana upepo wa mchana kule Mwanga na Same ukija wa mbele unaharibu kila kitu. Siku ya mvua usipime, barabara yenye maji inaongeza upinzani kwenye tairi. Spidi shikilia 80 kwenye wazi na 50 kwenye vijiji (trafiki wa tochi watakusaidia kukumbuka), na usome spidi na kilomita kwenye simu kwa jipiesi kama umebadilisha saizi ya tairi, kwa sababu tairi kubwa inaifanya dashibodi ihesabu kilomita pungufu.

Na usipime bila kava mwezi wa sita halafu na kava mwezi wa kumi. Pishanisha: bila, na kava, bila, na kava. Matokeo yakirudia upande ule ule mara zote unaweza kuyaamini.

Ile namba ya ulaji kwenye dashibodi mi huwa naitumia kulinganisha tu, kwenye hesabu ya hela siitumii.

Hatua ya 4: Chagua kava

Nina upande wangu hapa na siuachi: PVC nzito ya turubai juu ya fremu ya alumini, ya kukunja au kuviringisha, iliyoshonwa na fundi wa hapa hapa. Arusha tuna mafundi wanaoshona paa na viti vya magari ya safari, mikono yao imezoea turubai, zipu na kona ngumu, na kitu kikichanika wanashona siku hiyo hiyo. Kava ngumu za kukunja ni nzuri kwa wizi, lakini ni nzito na bei iko juu, na bawaba ikifa kupata spea ni safari nyingine. Kifuniko cha faiba kinachonyanyuka kizima kizima sikipendi kwa gari ya kazi, ukitaka kubeba friji inabidi ukitoe na watu wawili. Kenopi ndefu inayofika usawa wa kabini ni kitu kingine, ina uzito wake, usiinunue kwa sababu ya mafuta.

Lile turubai la kufunga kwa kamba kama la lori, hapana. Likianza kupigapiga linavuruga upepo na kula nguvu ya gari pale pale, na linaweza kukuongezea ulaji badala ya kupunguza.

Hatua ya 5: Funga

Pima bodi urefu, upana, na kona kwa kona pande zote mbili. Vipimo vya kona kwa kona vikitofautiana bodi imepinda (pikapu zilizogongwa nyuma ziko nyingi), mwambie fundi akate kwa kufuata bodi ilivyo.

Reli za pembeni zinashikwa na klampu chini ya ukingo wa bodi. Kama una ile plastiki ya ndani iliyopanda mpaka juu ya ukingo, ikate pale klampu inapokaa, la sivyo klampu inabana plastiki, plastiki inateleza, kava inahama kidogo kidogo mpaka inaachia. Kaza kwa spana ya mkono.

Sasa mbele, nyuma ya kabini. Hapa ndo kava inapata kazi au inakosa. Upepo ukipata mwanya chini ya ukingo wa mbele unaingia na kuitunisha kava kama puto, na puto juu ya bodi halikusaidii kitu. Weka ukanda wa raba laini upana wote, kona mpaka kona, ukiwa umekandamizwa na reli ya mbele. Pikapu za kabini moja zenye kile kingio cha bomba nyuma ya kioo zinasumbua zaidi, miguu yake inakaa pale pale reli inapotaka kupita. Tulikata raba kuzunguka kila mguu, tukajaza silikoni, tukaacha ikauke usiku mzima kabla gari haijatembea. Ukimaliza funga kava, ingiza mtu ndani ya bodi mchana wa jua, mlango umefungwa, aangalie mbele. Akiona mstari wa mwanga, bado hujamaliza.

Katikati weka mbavu za alumini, tatu zinatosha kwenye dabo kabini, nne au tano kwenye bodi ndefu. Hewa inayopita juu ya kava inaivuta kwenda juu, bila mbavu zilizoshikana na turubai ukiangalia kupitia kioo cha nyuma utaona kava imeota mgongo.

Turubai lifungwe saa za jua kali. PVC ikipata joto inalegea, ikipata baridi inajikunyata, ukilipima asubuhi ya mwezi wa saba hapa Arusha utaona limebana vizuri sana, halafu ukifika Same mchana linaanza kuchezacheza. Ukilivuta likiwa na joto, kwenye baridi litabana zaidi tu, na kwa ajili hiyo reli ya nyuma iwe na bolti za kurekebisha mvuto.

Mlango wa nyuma nao uwekee raba pembeni na chini. Nyuma ya gari hewa ni hafifu, inanyonya vumbi kuingia ndani ya bodi, na vumbi letu la volkano linapita hata palipo na nafasi ya unywele.

Hatua ya 6: Angalia upepo kwa macho

Kata nyuzi za sufu urefu wa kidole, zibandike kwa selotepu juu ya kava kwa mistari, halafu gari nyingine ikufuate pembeni kwenye barabara iliyo wazi, abiria (sio dereva) apige video. Nyuzi zilizolala zimeelekea nyuma, upepo unapita vizuri. Zinazozunguka karibu na kabini ni kawaida, kabini imesimama wima. Lakini turubai lenyewe lisitikisike. Likitikisika rudi kwenye raba ya mbele kwanza, ndo uje kwenye mbavu.

Hatua ya 7: Pima tena

Kama hatua ya 3, neno kwa neno.

Na kama namba hazijasogea kabisa na umepima vizuri, shusha spidi. Kutoka 100 kwenda 80 nguvu ya upepo inapungua asilimia 36, hakuna kava inayokaribia hapo.

Baada ya wiki ya kwanza kaza klampu zote upya, na ukitoka barabara ya vumbi zikague tena, mtikiso unalegeza nati hata zenye washa ya springi. Raba ya mbele ifute kwa maji na sabuni ya kawaida tu, usiipake grisi wala dizeli, inavimba na kuachia. Siku ya kubeba mzigo mrefu viringisha kava yote mpaka mbele na ufunge mikanda yote miwili, mkanda mmoja ukiuacha upepo utaifungua ukiwa unashuka Kikatiti.